Jembe la Mama na Salamanda wa Hallunda

Mama yangu alipotua Stockholm mwezi wa tano alikuwa na masanduku mawili, moja la nguo na jingine la kunitia aibu. Hilo la pili lilikuwa na dagaa, unga wa muhogo, mwiko, upawa, na jembe. Jembe, jamani! Si jembe la urembo la kutundika sebuleni. Jembe la kulimia, chuma kitupu bila mpini, limeviringishwa kwenye kanga mbili. Watu wa forodha walilitazama, wakamtazama mama, wakatazamana. Nadhani walitafuta kifungu cha sheria wakakikosa, wakampungia mkono apite.

"Si ulisema una shamba?" akaniuliza, kabla hata salamu hazijaisha. "Nije mikono mitupu?"

Shamba! Nilichokuwa nacho ni kibustani cha kukodi, karibu na ghorofa zetu huku Hallunda, kipande cha udongo ambacho mtu mrefu akilala chali miguu yake inalala kwa jirani. Nilikisubiri kwenye foleni kwa miaka, kwa sababu Waswidi wanapenda foleni kama sisi tunavyopenda harusi, na nilipokipata nikapiga simu Muheza kujisifu. Kwenye simu kibustani kiliongezeka ukubwa kidogo. Ndivyo simu zilivyo.

Lakini mama hakuja kwa ajili ya shamba, na alilisema hilo hapo hapo uwanja wa ndege, mbele ya binti yangu wa miaka tisa. "Theluji nimeiona kwenye televisheni, inatosha. Mimi nimekuja kuongea na mjukuu wangu. Tukae, anisimulie, nimsimulie. Nikishamsikia, hata nikifa, sina kinyongo." Kisha akainama, akafungua mikono, akamwita kwa utani wa mabibi wote wa kwetu: "Mke mwenzangu! Hujambo?"

Mke mwenza akajibu kwa Kiswidi: "Hej."

Ikawa basi. Binti yangu anaelewa Kiswahili chote, hasa kile ambacho sitaki akielewe. Ila hakitoi. Ukimuuliza kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiswidi, kama watoto wengi wa jengo letu, na sisi wazazi wa jengo letu tunaambiana kwamba ni kipindi tu, kitapita. Baba yake anaishi Malmö na maisha yake mapya. Hayumo katika habari hii, kama asivyokuwemo katika nyingine. Kwa hiyo mkalimani nikawa mimi. Mchana kutwa niko maabara ya hospitali kule Flemingsberg nasoma damu za watu, jioni narudi kumfasiri mtoto wangu kwa mama yangu mzazi. Nilikuwa sijui nicheke au nilie, nikawa napika.

Na alichokuwa anakisema huyo mtoto, ole wangu, ni kitu kimoja tu. Salamanda.

Kwa asiyemjua, na kwetu nani anamjua, salamanda ukimwona kwa haraka utasema ni mjusi aliyeloa. Ukisema hivyo mbele ya binti yangu umekwisha. Mjusi ana magamba. Salamanda ana ngozi tupu yenye unyevu, na ngozi hiyo anaipumulia. Ndugu yake ni chura. Ni kama chura aliyeambiwa akikua aache mkia, akakataa. Afrika yetu, ukishavuka Sahara kwenda kusini, hayupo hata mmoja. Mungu aliyetugawia mamba, koboko, nge na mbu, alipofika kwenye salamanda nadhani aliona kapu letu limejaa.

Uswidi wako wa aina mbili, mdogo na mkubwa, na binti yangu alikuwa mtu wa mkubwa. Huyo ni mweusi, ngozi ya vipele, urefu wa kiganja, tumbo la rangi ya chungwa lenye madoa meusi. Madoa hayo hayafanani kwa wawili wowote, kama alama zetu za vidole. Wakati wa baridi analala nchi kavu chini ya jiwe au gogo lililooza, hali, hajishughulishi, hapokei simu. Barafu ikiyeyuka na mvua ikanyesha, anatoka anatembea kurudi majini, na mara nyingi ni dimbwi lile lile alikozaliwa. Dume akifika majini anaota upanga mgongoni mfano wa ule wa kichwani kwa jogoo, umechongoka, anatamba nao mpaka msimu uishe.

Habari za mapenzi yao binti yangu alituhutubia ndani ya treni, kwa Kiswidi fasaha na sauti ya kutosha mabehewa mawili. Abiria wote wakajifanya wanasoma simu zao. "Anasemaje?" mama akauliza. Nikamfasiria kwa sauti ya chini kwamba dume hamgusi jike. Anasimama mbele yake, anapunga mkia, anampelekea harufu. Kisha anaweka mbegu zake chini kwenye kifurushi, anasogea pembeni. Jike akitaka anakwenda kukichukua. Asipotaka anaenda zake.

"Hamgusi kabisa?"

"Kabisa."

Mama akawaangalia abiria, kila mmoja kwenye kiti chake na kiti kitupu pembeni yake, akatikisa kichwa. "Basi huyo ni mwenyeji wa hapa kweli," akasema.

Tena huyu mwenyeji analindwa na sheria. Huruhusiwi kumuua, kumkamata, kumsumbua, wala kuharibu mahali anapotaga na anapopumzika. Mtu akitaka kujenga, kwanza aseme kama kuna salamanda. Mimi nilipoingia nchi hii niliulizwa nimefuata nini, nitakula nini, nitalala wapi na nitaondoka lini. Salamanda hana kazi, hajui Kiswidi, nusu ya mwaka amelala, na hakuna anayemuuliza kitu. Sina wivu. Nasema tu.

Dimbwi lao lilikuwa mwisho wa kibustani changu, upande wa chini. Wakodi wa vibustani walilichimba zamani kwa ajili ya ndege, salamanda wakajileta wenyewe. Kulikuwa na kibao kinachoeleza yote hayo, kwa Kiswidi. Mwenyekiti wa wakodi, mzee mstaafu mwenye ndevu nyeupe na subira ya kuudhi, alimruhusu binti yangu akae ukingoni kila siku baada ya shule, kwa masharti ya kutazama bila kugusa. Majike walikuwa wanataga mwezi huo. Mtoto alilijua kila jani lenye yai, na alikuwa na mambo mengi ya kusimulia. Mama alikuwa na masikio yanayosubiri. Kilichokosekana ni daraja, na daraja nilikuwa mimi, nimechoka.

Sasa, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni akija na lake ufanyeje. Siku ya tatu mama alikuwa ameshachonga mpini, tayari anazunguka sebuleni analipima uzito. Nikampeleka kibustanini, nikamwachia chupa ya chai, nikamwomba atifue tuta moja la mchicha, taratibu, mimi naenda kumchukua mtoto shuleni.

"Nenda zako," akasema. "Nimeanza kulima kabla hujazaliwa."

Hapa lazima nieleze kazi aliyostaafia mama yangu. Alikuwa bibi afya. Utoto wangu wote alizunguka vijiji vya Muheza na upawa na jembe. Upawa ulikuwa wa kuchota maji ya madimbwi aone kama yana viluwiluwi vya mbu. Jembe lilikuwa la kuchimba mfereji maji yatoke. Watu wakimwona kwa mbali walianza kumwaga maji ya makopo na vifuu kabla hajafika, maana ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe. Sisi hatukulelewa kuyatazama maji yaliyotuama na kusema loo, yanapendeza. Nyumbani kwetu maji yaliyotuama yalikuwa na kesi ya kujibu.

Tuliporudi, mama alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua, miguu kaivua viatu, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi. Tuta la mchicha halikuguswa. Mfereji ulionyooka vizuri, kazi ya kitaalamu kabisa, ulitoka dimbwini ukaenda hadi mtaroni kule chini, na dimbwi lilikuwa tope.

"Mnafuga mazalia ya mbu nyuma ya mboga!" akanipokea. "Nimechota upawa mmoja tu, viluwiluwi tele! Na mzee wenu wa ndevu nyeupe amepita kule njiani, ameniona nachimba, akanipungia mkono. Hii ndiyo nchi ya wasomi?"

Binti yangu alipita pembeni yangu, akaingia kwenye tope na viatu vyake vya shule, akapiga magoti. Majani yenye mayai yalikuwa yamelala ubavu, yanang'aa. Salamanda wakubwa walikuwa wanajivuta taratibu kuelekea kwenye kishimo kilichobaki na maji kidogo. Jike mmoja alikuwa anapinda kushoto kila akijivuta. Mguu wa mbele wa upande huo haukuwepo. Jembe lilikuwa limepita hapo.

Mtoto alilia kwanza kwa Kiswidi, kilio kirefu kisicho na maneno ya kufasiri. Kisha akainuka, tope hadi kiunoni, akamtazama bibi yake usoni, na akasema kwa Kiswahili, polepole, kila neno mahali pake:

"Sikupendi, bibi. Nenda kwenu."

Mtume! Nilitaka ardhi ipasuke. Mama alimtazama mjukuu wake, kisha akanigeukia mimi.

"Umesikia?" akasema. "Ametamka vizuri."

Alisema hivyo, lakini nilimwona anavyotafuta viatu vyake kwa miguu bila kuviona, navyo viko mbele yake. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, na kwa kuwa sikujua nimkasirikie nani, nilimkasirikia salamanda. Nikamweleza mama kwa ukali kwamba huyu ndiye yule mnyama wa kwenye treni, sheria inasemaje, na mtoto alikuwa anafanya nini pale kila siku. Akasikiliza yote. Mwisho akauliza swali moja tu, swali la kikazi.

"Wanakula nini?"

"Vijidudu vya majini. Minyoo. Viluwiluwi vya mbu."

Mama akainuka kutoka kwenye ndoo. "Rudia."

"Viluwiluwi vya mbu, mama. Wakubwa wanakula, na watoto wao wanakula."

"Kwa hiyo huyu mnyama alikuwa kazini," akasema, akiliangalia lile tope. "Nimemfukuza mtumishi mwenzangu."

Mwenyekiti akatokea wakati huo. Alisimama, akatazama mfereji, akatazama dimbwi, akasema, "Hm." Asiyewajua Waswidi atadhani hajasema kitu. Hilo lilikuwa tusi la nguoni. Kisha akaongeza kwamba jambo hili linavutia, na hapo nikajua tumekwisha. Akampigia simu mtaalamu wa mazingira wa manispaa, wakaongea kwa upole wa kutisha, na jibu likawa kwamba maji yarudishwe sasa hivi, ya mvua na si ya bomba, na wanyama waachwe walipo. Mwenyekiti akaweka simu mfukoni. Akanitazama, akamtazama mama, akaenda kwenye pipa lake la maji ya mvua, ambalo kwa kawaida yeye hawezi kulala kabla ya kulihesabia matone, akalifungua. Nikamsamehe ile "Hm".

Mama alifukia mfereji wake mwenyewe. Alishindilia udongo kwa visigino, akaukanyaga akarudia, hakutaka msaada. Kisha akatwika ndoo. Ndiyo, kichwani, bila kushika, kutoka pipa hadi dimbwini, na majirani wa vibustani wakaacha majembe yao madogo yanayofanana na vijiko wakabaki wanamtazama. Mmoja mmoja wakaanza kufungua mapipa yao. Binti yangu alibeba maji kwenye kopo la kumwagilia maua. Alipishana na bibi yake njiani kila safari na kila safari aliangalia pembeni.

Jioni hiyo, jua la huku bado linawaka kama halina kwao, mtoto alikataa kula na sisi. Mama alikaa kwenye kiti cha jikoni na kikombe cha chai asichokinywa.

"Yale maneno ameyatoa wapi?" akaniuliza. "'Nenda kwenu.' Kwangu mimi hakuna mtoto anayezungumza hivyo."

Nikamwambia ukweli. "Huwa anaambiwa yeye, mama. Basini, mara nyingine shuleni. Kwa Kiswidi."

Hasira zote za kibibi afya zilimtoka usoni. "Anaambiwa aende wapi?" akauliza. "Si amezaliwa hapa?" Akasogeza kikombe pembeni. "Basi amenipiga na jiwe kubwa kuliko yote aliyonayo," akasema. "Maskini, mke mwenzangu."

Nilidhani ataomba tiketi ibadilishwe, arudi mapema. Kumbe simjui mama yangu. Kesho yake aliliacha jembe nyuma ya mlango, akachukua upawa, akaenda kukaa ukingoni mwa dimbwi, ng'ambo ya pale anapokaa mtoto. Mtoto alipofika akamkuta. Mimi nikasimama katikati, tayari kwa ukalimani wangu.

"Wewe nyamaza," mama akaniambia. "Kapalilie mchicha."

Halafu akaanza kuongea peke yake, kwa sauti. "Hamjambo watumishi? Poleni na jana. Loo, mjusi yule mkubwa jamani!"

Baada ya muda, kutoka ng'ambo, kwa Kiswidi, kwa hasira: huyo si mjusi.

"Sielewi," mama akasema. "Mimi ni mgeni hapa. Eti mijusi hawa wanataga kwenye mchanga?"

Kiswidi tena, kikali zaidi.

"Sielewi mwanangu. Au wanazaa kama mbuzi? Nadhani wanazaa kama mbuzi."

Nilikuwa nimeinama kwenye mchicha, nimeuma kanga nisicheke. Binti yangu anaweza kuvumilia mengi, lakini uongo kuhusu salamanda hawezi. "Si mbuzi!" akapasuka, kwa Kiswahili. "Wanataga! Kwenye jani!"

"Jani lipi?"

"Hilo! Hilo, bibi! Usiguse!"

Ikawa ndiyo kazi yao. Kila siku mama alileta uongo mpya, mwingine wa kutia aibu kabisa kwa mtu mzima, na kila siku mtoto alilazimika kuusahihisha. Maneno yakimkosa alikuwa ananiuliza kwa jicho, na mama alikuwa ananikataza kwa jicho. Upawa ulitumika kuchota viluwiluwi vya mbu tu, pembeni, na mkaguzi wa kila upawa alikuwa mtoto. Baada ya majuma kadhaa niligundua kwamba sijafasiri chochote kwa siku nyingi. Nilijisikia kama mtu aliyeachishwa kazi aliyokuwa anailalamikia.

Siku moja walilala kifudifudi wote wawili, sasa upande mmoja, wakimtazama jike akitaga. Mimi nikawa nyuma yao. Jike alikuwa ameshika jani la majini kwa miguu ya nyuma, akaliwekea yai moja, akalikunja, akalibana mpaka likashikana. Akasogea jani la pili, akaanza upya. Hawamwagi mayai yao rundo moja kama vyura. Kila yai lina nyumba yake.

"Anakunja sambusa," mama akanong'ona.

"Ndiyo. Sambusa moja, yai moja. Mia mbili, bibi."

"Mia mbili! Na kiuno chake je?" Kisha mama akaanza kuhesabu kwa vidole, na nilijua anahesabu nini. "Na yale yaliyokauka siku ile? Yalikuwa mengi?"

Mtoto alichuma nyasi, akaitafuna. Binti yangu amesoma kila kitu kuhusu hawa wanyama, na alikuwa anajua jambo ambalo hata mimi wa maabara sikulijua: salamanda huyu mkubwa ana kasoro katika urithi wake wa damu, na kwa sababu hiyo nusu ya mayai yake hufia ndani kabla hayajaanguliwa. Kila mwaka. Maji yawepo au yasiwepo. Alilieleza hilo kwa Kiswahili cha kuokoteza, anasimama, anatafuta neno, anaendelea.

"Nusu wanakufa tu, bibi," akamalizia. "Hata ungekaa nyumbani. Nusu si wewe."

Mama alilaza shavu lake kwenye mkono wake. "Hata mimi," akasema. "Nilizaa sita. Waliobaki watatu."

Mtoto akageuka. "Wengine wako wapi?"

"Homa ya malaria. Mbu. Kulikuwa na dimbwi nyuma ya nyumba yetu, zuri tu, linang'aa kama hili. Baadaye ndiyo nikaenda kusomea ubibi afya. Nikasema hakuna dimbwi litakalobaki Muheza yote." Akacheka kidogo bila furaha. "Nilipoona viluwiluwi pale sikuona Uswidi, mwanangu. Niliona nyuma ya nyumba."

Habari ya ndugu zangu hao kwetu haizungumzwi mezani. Mimi mwenyewe nilihadithiwa na shangazi, siyo na mama. Nilisimama pale na kopo la maji mkononi, machozi yananitoka kama mjinga, wakati mama yangu anamwambia mtoto wa miaka tisa majina yao, mmoja mmoja, na mtoto anayarudia ayatamke sawasawa.

Mwezi wa saba mayai yaliyopona yalikuwa yameanguliwa, vitoto vyembamba vyenye matamvua ya kupumulia nje ya shingo kama vinyoya, na miguu ya mbele ndiyo inatangulia kuota, si ya nyuma kama kwa chura. Mama alitaka sana kuwaona wakipoteza matamvua na kutoka majini. Mtoto akamwambia mpaka mwisho wa mwezi wa nane, pengine wa tisa. Viza ilikuwa inaishia mwanzo wa mwezi wa nane. Uwanja wa ndege mke mwenza alimshika bibi yake kiunoni, na wakanong'onezana mambo ambayo sikuombwa kuyafasiri. Jembe lilibaki kwangu. "La kazi gani tena?" nilimuuliza mama. "La nikija," akanijibu.

Majira ya baridi yote waliongea kila Jumapili. Mimi nilikuwa napewa simu mwishoni, ikiwa imebaki chaji ya kusema shikamoo. Mama akaomba viza nyingine, aje mwezi wa nne, awahi salamanda wakirudi majini. Mtoto akaanza kufagia chumba chake bila kuambiwa, jambo ambalo nchi nzima ya Uswidi na mimi mamaye tulikuwa tumeshindwa kumfanyisha.

Salamanda walirudi. Mvua ya kwanza ya vuguvugu ilinyesha mchana kutwa, na jioni yake tulikuwa ukingoni na tochi na simu, mama yuko upande wa pili kwenye kioo, amevaa miwani. Dume wa kwanza alipita na upanga wake, anajidai. Kisha mtoto akanishika mkono kwa nguvu. Jike alikuwa amesimama juu ya jani, na mguu wake wa mbele wa kushoto ulikuwa mdogo kuliko wa kulia, na rangi yake imepauka, ila ulikuwa mguu kamili, na vidole vyote. Salamanda akikatwa mguu anaota mwingine, mifupa, mishipa na yote. Sisi tulionyimwa hilo tunaitwa viumbe bora.

"Bibi, ni yule! Umeota! Mguu umeota!"

"Nauona, mwanangu. Alhamdulillahi, nauona." Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Halafu akasema, kwa sauti ile ile, kama anataja bei ya nyanya: "Lakini mimi siji. Wamenikatalia."

Mtoto alikuwa bado anatabasamu. "Kwa nini?"

"Wanasema hawana hakika kama nitarudi kwetu."

Nilifungua mdomo nitukane, na nilikuwa na matusi ya lugha mbili tayari. Mnyama asiye na pasipoti alikuwa amerudi dimbwini kwake mbele ya macho yetu, na mwanamke aliyeondoka kabla hata viza yake haijaisha alikuwa haaminiki. Lakini mama hakunipa nafasi. Alianza kucheka, cheko lake la utani.

"Ningewaambia wamuulize mjukuu wangu," akasema. "Yeye ni shahidi. Aliniambia niende kwetu, na nilienda."

Alikuwa anatania, wallahi alikuwa anatania, bibi na mjukuu wanasemana zaidi ya hayo. Ila tabasamu la mtoto liliondoka. Aliizima tochi, akaishika simu kwa mikono yote miwili karibu na uso wake, na nilidhani atalia, au atarudi kwenye Kiswidi chake ajifiche humo.

"Bibi," akasema, kwa Kiswahili. "Shule ikifungwa, basi nakuja mimi. Nakuja kwetu."

Mama yangu, mwenye jibu kwa kila mtu tangu Muheza hadi forodhani, aliiweka simu chini. Kioo kilibaki kinaonyesha dari ya nyumba yetu ya Muheza na taa yake moja. Tulimsikia akipenga kamasi, akapenga tena.

"Simu hii ina mafua," akasema mwishowe. "Mwambie mama yako aje na jembe langu."